Kiti cha dola elfu na kiti cha kekele

Kiti cha gemu kilizaliwa kwenye gari. Kampuni ya DXRacer ilianza mwaka 2001 ikitengeneza viti vya magari, na mwaka 2006 ikalichukua umbo lile lile, ikaliwekea nguzo na magurudumu, ikawauzia vijana wanaocheza michezo ya kompyuta. Ndiyo maana viti vya namna hii vina mabega yaliyopinda kuelekea mbele na kingo zilizoinuka kandokando ya mapaja. Kwenye gari la mashindano kingo hizo zina kazi: gari likikata kona kwa kasi, dereva hutupwa upande na kiti humdaka. Mezani hakuna kona. Kingo zinabaki kubana mapaja ya mtu mwenye mwili na kumfunga kila mtu katika mkao mmoja, na mkao mmoja ndio jambo ambalo mgongo hauvumilii.

Picha za viti hivi zinaingia hapa Kisangani, nchini Kongo, kila siku kupitia simu. Anaziona kijana wa Makiso anayehariri video za harusi, anaziona mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo, anaziona mwenye ukumbi wa PlayStation kule Mangobo ambaye wateja wake hukaa kwenye mabenchi ya mbao hadi usiku. Wote wanauliza swali moja: kiti cha dola mia tano, au elfu moja na mia tano, kina nini ambacho kiti cha plastiki hakina? Swali ni la haki na linastahili jibu refu, maana watu wanaokaa kazini katika mji huu ni wengi kuliko tunavyowahesabu. Kuna wachapaji wa maandishi karibu na chuo, kuna washonaji, kuna wabadilishaji fedha, kuna wauza vocha chini ya mwavuli. Wanaumwa viuno, wanapaka dawa, na hawakilaumu kiti.

Jibu langu, na nitalitetea katika sura hii, ni kwamba viti bora vya dunia vina maarifa ya kweli ndani yake, lakini Kisangani kiti hupimwa kwa vipimo vitatu ambavyo karatasi ya bei haivitaji: mwili wa anayekikalia, joto la chumba, na umbali wa fundi anayeweza kukitengeneza.

Tuanze na joto, kwa sababu ndilo linaloua viti vingi vya gemu kabla ya miaka mitatu kuisha. Kisangani iko nusu digrii tu juu ya ikweta. Wastani wa joto ni kama digrii 25 mwaka mzima, mvua inapita milimita 1,700 kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao mbingu zinafungwa kabisa. Viti vingi vya gemu hufunikwa kwa ngozi bandia ya poliyurethani, utando mwembamba uliopakwa juu ya kitambaa. Aina nyingi za poliyurethani zina udhaifu mmoja: unyevu wa hewa, ukisaidiwa na joto na jasho, huikatakata minyororo ya kemikali inayoushikilia utando pamoja. Kwanza ngozi inakuwa na mng'aro wa kunata, halafu inapasuka kwenye mikunjo, mwishowe inabanduka magamba magamba na kuganda kwenye shati. Kiti hakijachoka kwa kukaliwa. Kinaweza kubanduka hata kikiwa kimefunikwa stoo.

Waangalie mafundi wanaoshona viti vya pikipiki mjini. Wanatumia vinili, yaani ngozi bandia ya aina nyingine, PVC, ambayo unyevu hauivunji kwa namna ile. Inakakamaa na kupasuka kwa jua baada ya muda mrefu, lakini inavumilia mvua. Fundi anayefunika kiti cha pikipiki anaweza kukivua kiti cha gemu ngozi yake iliyobanduka na kukishonea vinili au kitambaa kizito, na kazi hiyo itadumu kuliko ngozi ya kiwandani. Mwenye kiti cha gemu kilichokwisha kubanduka asikitupe. Fremu yake ya chuma kwa kawaida bado ni nzima.

Sasa tulinganishe vile vya juu kabisa. Nimechagua vinne, kwa kuwa kila kimoja kinajibu swali tofauti.

Titan Evo ni cha Secretlab, kampuni iliyoanzishwa Singapore mwaka 2014 na vijana wawili, Ian Ang na Alaric Choo, waliokuwa wachezaji wa StarCraft II. Walitoka ndani ya mchezo, na inaonekana. Umbo la gari la mashindano wamelilainisha, kingo za mapaja wamezishusha, na ule mto wa kiuno unaoning'inia kwa mkanda, ambao kila mtu huishia kuuvua, wameuingiza ndani ya egemeo na kuuwekea vifundo vya kuupandisha, kuushusha, kuusogeza mbele na nyuma. Egemeo linalala hadi digrii 165, karibu sawa na kitanda. Kinauzwa kwa saizi tatu, na bei yake huanzia dola 500 na ushei. Kwa mtu anayecheza na kidhibiti mkononi, ameegama nyuma, akitazama skrini kubwa ya mbali, hiki kinafaa. Udhaifu wake hapa kwetu ni sponji: ni nzito, ngumu, na imefunika mwili kuanzia mabega hadi mapaja. Chumba kisicho na kiyoyozi kitamfanya mtu aloe mgongo ndani ya saa moja. Atakayekichukua achague cha kitambaa, asichukue cha ngozi bandia hata akipunguziwa bei.

Embody ni kiumbe kingine kabisa. Kilitoka kwa kampuni ya Herman Miller mwaka 2008, kazi ya Bill Stumpf, aliyefariki mwaka 2006 kabla ya kukiona sokoni, na Jeff Weber aliyeimalizia. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilishirikiana na Logitech G kutoa toleo la wacheza gemu, kwa bei ya dola 1,495. Egemeo lake halina ubao wala sponji nene. Katikati kuna uti kama wa samaki, na kutoka kwenye uti huo vinatoka vijiti vya plastiki vilivyobeba vituo vidogo vidogo, kila kimoja kikibonyea peke yake. Mtu akijigeuza kuchukua simu upande wa kushoto, nusu ya egemeo inamfuata. Akiegama nyuma, egemeo linalala naye. Kiti hiki kimejengwa juu ya wazo kwamba anayekaa hatulii, na wazo hilo nitalirudia kwa sababu ndilo lenye thamani kuliko chuma chote kilichomo. Hakina mto wa kichwa, jambo linalowaudhi wachezaji wengi, na kwa anayeegama sana ni upungufu wa kweli.

Aeron ndicho mzee wao. Stumpf huyo huyo na Don Chadwick walikitoa mwaka 1994, baada ya miaka ya kuchunguza jinsi wazee wanavyokaa kwa muda mrefu bila kupata vidonda. Waliondoa sponji yote na ngozi yote. Mahali pake waliwamba wavu wa nyuzi ngumu, uliovutwa ndani ya fremu, kikalio na egemeo. Hewa inapita, jasho linakauka, uzito wa mwili unagawanyika bila mfupa kukandamizwa. Kikalio hakirefuki wala hakifupiki, kwa hiyo wakakitoa kwa saizi tatu, A, B na C, kama viatu. Atakayekaa kwenye saizi isiyo yake atalaumu kiti bure. Kina kosa lingine linalojulikana: fremu ya pembeni ni ngumu, na mtu anayependa kukunja mguu mmoja chini ya mwingine atagongwa na plastiki pajani. Lakini kwa chumba cha Kisangani, umeme ukiwa umekatika na feni imesimama, katika hivi vinne ningechukua Aeron bila kusita.

Cha nne, Gesture cha Steelcase, nakitaja kwa ajili ya mikono yake tu. Kabla ya kukitoa mwaka 2013, Steelcase iliwachunguza watu 2,000 katika nchi 11 na kuona mikao tisa mipya iliyoletwa na simu na tableti. Watu wanajikunja juu ya simu, wanaegama huku simu ikiwa usawa wa kifua, wanajipinda kwa upande mmoja. Mikono ya Gesture inazunguka na kuja ndani kiasi kwamba viwiko vinakaa juu yake mtu akiwa ameshika simu. Mji ambao gemu nyingi zinachezwa kwenye simu, na ambao simu ndiyo ofisi ya watu wengi, ungefaidika zaidi na mikono hii kuliko na egemeo la digrii 165. Shingo inayobeba kichwa kilichoinama kwa saa nne inaumia kuliko kiuno, na dawa yake ni kuinua viwiko ili simu ije usoni.

Mgongo wenyewe unasemaje? Katika miaka ya 1960, daktari Mswidi Alf Nachemson alichomeka sindano zenye kipimo cha shinikizo ndani ya gegedu za migongo ya watu walio hai. Aliona kwamba mtu anayekaa bila kuegemea ana shinikizo kubwa kuliko anaposimama, kwa kiasi cha asilimia 40 hivi. Matangazo mengi ya viti bado yanategemea takwimu hiyo. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake huko Ulm, Ujerumani, walirudia kipimo kwa vifaa vipya, safari hii kwa mtu mmoja kwa muda wa saa 24, wakapata matokeo mengine: kukaa kwa utulivu kulitoa shinikizo la megapaskali 0.46, kusimama 0.50, na kujilaza kitini mgongo ukiwa umeegemea kulishuka hadi 0.27. Ni mtu mmoja tu, na haifai kujenga dini juu yake. Lakini inatosha kuondoa ile hofu ya kwamba kila anayejilaza kitini anajiua, na inalingana na aliyoyaona J. Jay Keegan kwa picha za eksirei mwaka 1953, kwamba pingili za kiuno hutulia katika umbo lake pale kiwiliwili na mapaja yanapofunguka kwa pembe ya digrii 135 hivi. Ile digrii 90 tuliyofundishwa na walimu darasani, mgongo wima kama mlingoti, haina utetezi mkubwa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka jirani, Tanzania. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walichapisha utafiti juu ya Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Waliwafunga vifaa vya kupimia mwendo wakaona kwamba watu hawa, wawindaji na wachimba mizizi, wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, karibu sawa na watu wa nchi za viwanda. Lakini hawaandamwi na magonjwa ya moyo kama wenzao wa nchi hizo. Tofauti moja ni namna ya kupumzika: sehemu ya muda huo wanachuchumaa au wanapiga magoti, na misuli ya miguu haizimiki. Kiti kinachomeza mwili mzima kinaizima misuli. Hapo ndipo Embody, pamoja na bei yake, inapojaribu kurudisha kwa mitambo kile ambacho mtu aliyechuchumaa kando ya moto anacho bure.

Kwa hiyo tuseme waziwazi juu ya kiti cha plastiki, kwa kuwa ndicho kinachobeba Kisangani. Umbo lake la kawaida lilipata nguvu mwaka 1972, Mfaransa Henry Massonnet alipotoa kiti chake alichokiita Fauteuil 300, kilichomwagwa kwa mara moja ndani ya kalibu katika muda usiozidi dakika mbili. Tangu hapo polipropilini imekwenda kila kijiji. Kiti hiki hakiozi, kinaoshwa kwa ndoo moja, vinapangwa kumi kimoja juu ya kingine, kinabebwa kichwani hadi msibani na kurudishwa. Nchini Uganda na kwingineko shirika la Free Wheelchair Mission limekifunga magurudumu kikawa kiti cha walemavu, na maelfu ya watu wametoka kutambaa chini kwa ajili yake. Siwezi kukidharau kiti chenye historia hiyo. Kwa kazi ya mezani, hata hivyo, kimeinama nyuma kiasi kwamba mtu anayeandika hawezi kulifikia egemeo. Anakaa ukingoni, mgongo umejikunja kama upinde, saa sita nzima. Tiba yake ni ndogo: mto mgumu wa kuziba pengo kati ya kiuno na egemeo, na kompyuta iinuliwe kwa rundo la vitabu.

Zaidi ya viti vya dola nyingi na kiti cha plastiki, kuna kiti cha tatu ambacho watu wa hapa wanakipita barabarani bila kukiangalia, nacho ni kiti cha kekele.

Kekele ni mtambaazi wa jamii ya mitende, unaopanda miti ya msitu kwa miiba yake. Wataalamu wanauita Eremospatha haullevilleana. Ndugu yake mnene, Laccosperma secundiflorum, hutoa fito za fremu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wameichunguza mimea hii miwili katika hifadhi ya msitu wa Yoko, kwenye barabara ya Ubundu, kwa sababu inalisha biashara nzima: vikapu, makochi, vitanda vya watoto, viti. Fito nene zinaparuliwa ganda, zinapashwa moto hadi zilegee, zinapindwa polepole zikizungushwa ili zisivunjike, kisha zinafungwa katika umbo hadi zipoe. Kekele yenyewe inachanwa kwa kisu kuwa nyuzi bapa. Kazi ya mkono hapo ni ya ajabu: kidole gumba kinaongoza kisu, na unene wa uzi haubadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho, ingawa fundi hana kipimo chochote. Kila kiungo cha fremu kinapigwa msumari mmoja, halafu kinazungushiwa nyuzi hadi msumari usionekane. Kinachoshika kiti ni zile nyuzi. Msumari unazisubiri tu zikaze.

Huu ni ujuzi wa mji mzima. Kwenye maporomoko ya Boyoma, Wagenya wanasimamisha magogo katikati ya maji yanayokimbia na kuyafunga kwa mitambaazi ya msituni ili kuning'iniza mitego yao ya samaki. Mji ambao mafundo yake yanahimili Mto Kongo hauna sababu ya kuagiza fundo la kiti kutoka Singapore.

Na pwani, kule ilikotoka lugha hii ya Kiswahili iliyofika hapa na misafara ya akina Tippu Tip, mfanyabiashara aliyefanywa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Boyoma ya leo, mwaka 1887, kiti cha hadhi ya juu kabisa kilikuwa kiti cha enzi. Bado vipo katika makumbusho ya Lamu na Unguja: fremu ya mti mweusi, pembe za ndovu zilizopachikwa, mgongo mrefu ulionyooka, mahali pa kuwekea miguu. Alikalishwa mgeni mkubwa. Na kati ya fremu, kikalioni na mgongoni, hakikuwa na ngozi wala mto. Zilikuwa kamba nyembamba zilizosukwa wazi ili upepo upite. Mafundi wa pwani walikuwa wameshajua kwamba mahali pa joto mwili uwambiwe, usifunikwe. Aeron ilifika hapo mwaka 1994.

Nikiviweka sasa kiti cha kekele na Aeron pamoja, vinakutana kwenye wavu na kuachana kwenye kila kitu kingine. Cha kekele, kama kinavyouzwa kando ya barabara, ni cha kupumzikia. Kikalio kiko chini mno kwa meza, kimeinama nyuma, mikono iko mbali. Hakipandi wala hakishuki. Aeron inalala nyuma pamoja na mwili na kurudi nao, ina bomba la gesi, ina magurudumu. Na ina dhamana ya miaka 12, ambayo ni ahadi nzito kwa mtu anayeishi karibu na muuzaji. Kisangani iko zaidi ya kilomita 1,700 za mto kutoka Kinshasa, majahazi yanachukua majuma, na barabara ya kwenda mashariki hadi mpaka wa Uganda inajulikana kwa ubaya wake. Wavu wa Aeron ukipasuka hauzibiki kwa sindano. Fremu nzima inabadilishwa. Kikalio cha kekele kikilegea, fundi aliyekisuka yuko mtaa wa pili.

Hii haimaanishi kwamba viti vya ofisi havifai hapa. Mashirika yanapofunga ofisi hupiga mnada, na mtu mwenye jicho anaweza kupata kiti kizuri kwa sehemu ndogo ya bei yake. Akipindue kwanza. Chini ya kikalio kuna karatasi yenye mwaka na aina. Akae, apandishe, anyanyuke, akae tena: kikizama taratibu, bomba la gesi limechoka. Bomba si mwisho wa kiti, kwa sababu viti vingi vya ofisi duniani hutumia bomba lenye ncha ya kipimo kimoja, na la kiti kimoja kilichokufa linaweza kuingia kwenye kingine. Likikosekana kabisa, kuna njia ya mafundi: kata kipande cha bomba la plastiki la maji, kipasue kwa urefu, kivishe kwenye fimbo ya chuma kwa urefu unaoutaka. Kiti hakitashuka tena. Aangalie pia magurudumu. Yaliyo magumu yametengenezwa kwa zulia na yatateleza na kukwaruza saruji. Yanayofaa ni yale yenye mpira.

Lakini kwa wengi, katika nchi ambayo pato la mtu mmoja kwa mwaka halifiki dola 1,000 kwa wastani, kiti cha kazi kitatoka kwa fundi wa kekele, na kinaweza kuwa kizuri kweli kama mnunuzi atakuja na vipimo. Mwambie, «Papa, nataka kiti cha kazi, si cha barazani,» kisha mkae pamoja na kipimo cha mshonaji. Urefu wa kikalio ni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lako ukiwa umevaa viatu unavyovaa kazini, pungufu sentimita moja. Kina cha kikalio kiache nafasi ya vidole vitatu kati ya ukingo na goti, la sivyo damu ya miguu itabanwa. Egemeo lisiwe wima. Lilale kidogo, digrii 100 hadi 110 kutoka kikalioni. Kwenye kiuno, sentimita 15 hadi 20 juu ya kikalio, fundi apindishe ufito mmoja utokeze mbele, na hilo ndilo litakalofanya kazi ya vifundo vyote vya Titan. Mikono iwe usawa wa viwiko vilivyolegea, na iwe ya kuingia chini ya meza. Ukingo wa mbele uzungushwe, usiwe na pembe. Kinachobaki, yaani kule kuegama na kurudi, hakitapatikana, na badala yake mtu atainuka mwenyewe kila baada ya nusu saa, akanywe maji, asimame mlangoni.

Kwa kumbi za gemu ningeshauri vingine kidogo: kikalio cha juu zaidi na mikono mipana ya kubeba viwiko, maana wateja wanacheza wameinama mbele, na mchezaji akiegemea viwiko shingo yake inapumua.

Uliza fito zimekatwa lini. Zilizokatwa mbichi na kusukwa kabla hazijakauka huingiwa na wadudu wanaotoboa, na kiti kitaanza kumwaga unga mwembamba sakafuni baada ya miezi michache. Uliza zimetoka wapi pia. Mitambaazi iliyo karibu na mji imekatwa sana, na mkataji anayefyeka mashina yote, machanga kwa yaliyokomaa, anamfukuza fundi wake mwenyewe mbali zaidi kila mwaka. Shina la Laccosperma likichanua hufa, na yale machanga yaliyo pembeni ndiyo ya kukatwa kesho. Na siku hiyo hiyo ya kununua, kabla ya kutoa pesa, mkubaliane bei ya kusuka upya kikalio. Kitalegea, hakuna wavu usiolegea, na fundi anayekubali kutaja bei hiyo leo atakuwa amekupa dhamana ambayo hapa mjini ina mtu wa kuitimiza.